Siku Limi Alipopuliza Mishumaa

Miaka ile ya sitini, huko Ushirombo, mgonjwa akizidiwa na padri akiwa mbali, watu walikwenda kumwita Bibi Paskazia. Alikuja na kikapu chake cha ukindu, ndani mna rozari, kichupa cha maji ya baraka na mshumaa. Mishumaa yake ilibarikiwa misheni kila mwaka mwezi wa pili, naye aliihifadhi dhidi ya panya kwa bidii ambayo hakuionyesha hata kwa mbegu za karanga. Alimshikisha mgonjwa mshumaa uliowaka, akauweka mkono wake juu ya mkono ule ili usianguke, akasali polepole. Pumzi ikikatika, yeye ndiye aliyeinama akaupuliza. Kijiji kizima kilijua kwamba mshumaa wa Bibi Paskazia ukizimwa, hapo ndipo kilio kinaruhusiwa kuanza.

Msidhani kwa kazi hiyo alikuwa mtu wa kununa. Alivuta ugoro, alipenda masimulizi ya watu wasiokuwepo, na ulimi wake hata katekista aliukwepa kwa kupita njia ya nyuma. Wagonjwa wenyewe walimpenda kwa sababu hakuwadanganya wala kuwanyima kitu. Mgonjwa akitaka maziwa ya mgando alipewa, akitaka kumwona adui yake, Bibi alikwenda kumfuata adui huyo na kumburuta mpaka kitandani. Mtu anayeondoka hanyimwi neno, ndivyo alivyosema, na hakuna aliyewahi kumwona akivunja sheria hiyo.

Kazi hiyo aliifanya pia nyumbani kwake, mara tatu, kwa wajukuu zake mwenyewe. Mwanawe Apolinari alikuwa mpishi katika nyumba ya Mzungu mmoja wa mgodi wa dhahabu wa Geita, na mkewe Anisia alibaki kijijini na mama mkwe. Damian alifariki angali mchanga. Gregory alianza kusimama dede, akafariki. Philomena alikuwa ameshajua kusema maneno mengi na kuigiza mwendo wa bibi yake, naye akafariki. Kila mara Apolinari alifika kwa lori la pamba maziko yakiwa yamekwisha, akalia juu ya udongo mbichi, akarudi Geita. Hakupata kuona mshumaa hata mmoja ukizimwa, na jambo hilo lisisahaulike, maana ndilo lililoleta balaa tutakalolisimulia.

Baada ya Philomena, Bibi Paskazia alitoa amri. Katika mji huu hakuna atakayetaja umri wa mtoto. Akiulizwa, aseme mtoto anakua, basi. Alipozaliwa Limi, ambaye kwa ubatizo aliitwa Melania, amri ikashikwa barabara. Mtoto alikua bila mwaka wala mwezi, akiwa mkubwa kuliko jana na mdogo kuliko kesho. Anisia alizoea kiasi kwamba hata alipokuwa peke yake kisimani alikwepa kuhesabu.

Mgodi wa Geita ulipofungwa mwaka sitini na sita, Wazungu walifungasha na wapishi wakafungashwa pamoja nao, kila mtu kwao. Apolinari alirudi na baiskeli, chandarua, sufuria mbili nzito, na kitabu kikubwa chenye gamba gumu. Kitabu hicho alipewa na mama wa Kizungu wakati wa kuagana, kwa kuwa watoto wake mwenyewe walishakichoka. Ndani mlikuwa na picha za rangi ukurasa hadi ukurasa, na chini ya kila picha mstari mfupi wa Kiingereza. Apolinari alijua Kiingereza cha nyama, chumvi na maji ya moto tu, kwa hiyo maneno aliyaacha yajisomee yenyewe, akawa anasoma picha.

Kitabu kilikuwa cha mtoto mmoja mwenye nywele nyekundu na sikukuu zake za kuzaliwa. Kila ukurasa ulikuwa mwaka wake, na kila mwaka ulikuwa na keki. Mahali fulani paka alikuwa amekaa juu ya kofia ya babu, mahali pengine mbwa amekwisha kula nusu ya keki na anajifanya amelala. Jioni, kabla jua halijazama, Apolinari alikaa barazani, Limi kati ya magoti yake, wakaanza. Mbwa yule alipewa jina la mbwa wao. Babu mwenye kofia alipewa sauti ya jirani yao Mzee Maige, ambaye alikuwa na sauti ya kukwaruza. Walifika tu mpaka ukurasa wa mtoto kupuliza mishumaa mitano, kwa sababu hapo Limi alikuwa hataki kuendelea, alitaka warudi kwa mbwa. Walirudi, wakacheka upya kana kwamba mbwa yule alikuwa amelala sasa hivi.

Hapo ndipo mshtuko wa kwanza ulipomshika Bibi Paskazia. Yeye kitabu alikijua. Kitabu kilikaa mkononi mwa padri, kikabusiwa, kikafungwa, na aliyethubutu kucheka mbele yake alitolewa nje kwa sikio. Leo mwanawe wa kumzaa yuko barazani na mtoto, wanakichekea kitabu mpaka machozi. Alisimama mlangoni mwa jiko lake na mwiko mkononi, uji ukafurika nyuma yake akausahau. Alimwambia Apolinari aache kumzoesha mtoto dhihaka. Apolinari alijibu kwamba kitabu hiki kimeandikwa ili kichekewe, akamsogezea atazame mwenyewe. Bibi alirudi nyuma hatua nzima akakataa kukigusa, na mwaka mzima hakukigusa.

Mshtuko wa pili ulikuwa mbaya zaidi. Siku moja ya mavuno, wakiwa wanakula, Apolinari alitangaza kwamba mwezi huu Limi anatimiza miaka mitano na atamfanyia sikukuu kama ya kitabuni. Alilisema neno hilo, mitano, wazi, mdomoni mna ugali. Anisia aliacha kutafuna. Bibi Paskazia alimtazama mwanawe namna anavyotazamwa mtu aliyevua nguo sokoni. Kisha akamuuliza huko Geita walimlisha nini.

Apolinari hakuwa na nia mbaya, na lazima tumtendee haki. Watoto watatu alikuta wamekwisha kuzikwa, sasa huyu mmoja anamwona kwa macho yake anakimbia, anauliza maswali, anang'oa mahindi ya watu. Alitaka kuonyesha furaha yake kwa namna alizoziona katika nyumba aliyoipikia. Alipika keki katika sufuria ile nzito, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, na harufu ilipotoka watu walianza kufika kabla ya saa waliyoalikwa. Palikuwa na wali, kuku wawili na pombe ya mtama. Mishumaa alinunua dukani, minene na myeupe, ya aina ileile ambayo Bibi alikuwa akiipeleka misheni kubarikiwa, kwa sababu aina nyingine haikuwepo.

Bibi Paskazia alikuwa ameapa kwamba hatatoka nje. Lakini alipochungulia akaona mishumaa mitano inawaka mbele ya mjukuu wake, moyo ulimlainika ghafla. Kumbe ni ibada. Kumbe mwanangu hajapotea, alijisemea, ni mimi niliyemfikiria vibaya. Alitoka na rozari yake, akapiga magoti mbele ya meza, akafanya ishara ya msalaba. Wageni walipomwona wakapiga magoti wote, hata Mzee Maige ambaye hakuwahi kubatizwa na aliyekuja kwa ajili ya kuku. Apolinari alibaki amesimama peke yake, kisu cha keki mkononi, akishangaa sikukuu yake imegeuka nini. Akaona bora aiokoe haraka.

"Haya, Limi," alisema. "Puliza."

Limi alijaza mashavu, akapuliza. Mishumaa yote ikazimika kwa mkupuo mmoja, moshi ukapanda. Apolinari akapiga makofi, pa, pa, pa, akiwatazama watu wamfuatie.

Nyuma kabisa alikuwa amekaa bibi mmoja, Coletha, macho yake yana ukungu na masikio yake siku nyingi yalishastaafu. Yeye aliyoyaona ni haya: Paskazia amepiga magoti, watu wote wamepiga magoti, mshumaa umezimwa. Kwa miaka yote aliyoishi Ushirombo jambo hilo lilikuwa na maana moja tu. Coletha akashika kichwa kwa mikono miwili, akaangua kilio.

Na kilio hakina breki. Wanawake wawili waliokuwa karibu naye waliitikia kabla hawajafikiri, kama mdomo unavyoitikia amina. Waliokuwa mashambani walitupa majembe wakaja mbio. Walioalikwa na wasioalikwa walijaa uani wakiulizana ni nani, na kila aliyeuliza aliambiwa Limi, mtoto wa Anisia, na kwa jina hilo kilio kikazidi. Anisia alitoka jikoni na sinia la wali, akasikia watu wanamlilia mwanawe, sinia likamponyoka. Limi mwenyewe alikuwa amesimama juu ya kigoda, mzima, kipande cha keki mkononi, anatazama watu wanavyomlilia. Kisha naye akaanza kulia, maana nani asingelia.

Bibi Paskazia hakulia. Alimshika mtoto usoni kwa mikono miwili, akaweka shavu lake karibu na pua yake mpaka akahisi pumzi. Kisha akamfunga mgongoni kwa kanga, mtoto mkubwa vile, miguu inaning'inia mpaka magotini pake, akamgeukia mwanawe.

"Mimi nimezima ya watoto wako watatu," alimwambia. "Wewe huyu wa nne umemwambia ajizimie mwenyewe, na ukapiga makofi."

Akaingia naye nyumbani kwake na kufunga mlango. Wageni waliinuka mmoja mmoja. Wali ulikuwa umemwagika, lakini kuku walikuwepo, na pombe ilikuwepo, na hakuna aliyegusa. Mzee Maige alichukua fimbo yake. "Nimekula harusi na nimekula matanga," alimwambia Apolinari kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Hii yako sijui ni ipi, kwa hiyo sili." Keki ililiwa na kuku wa jirani, wakaonekana kuifurahia.

Juma halikwisha, Limi akashikwa na homa. Ilimpanda kwa baridi ya kutetemesha kitanda, ikamshusha, ikampanda tena. Kijiji hakikushangaa hata kidogo, kilichoshangaza ni kwamba imechelewa. Apolinari alimpakia kwenye baiskeli, Anisia akikimbia nyuma, mpaka zahanati ya misheni. Sista aliyekuwepo alimchoma sindano, akatoa vidonge, akasema malaria hii ni kali na waliyofanya ni yote yanayoweza kufanywa, sasa wangoje. Njiani kurudi Anisia hakumwambia mumewe neno hata moja. Tangu siku ya kilio alikuwa hajamwambia neno.

Mtoto alilazwa nyumbani kwa bibi yake, kwa kuwa bibi hakukubali alazwe pengine. Siku ya pili asubuhi, Anisia aliingia na maji, akaona kikapu cha ukindu kimeteremshwa kutoka darini na kuwekwa chini karibu na kitanda. Maji yalimmwagikia miguuni. Alimtazama mama mkwe wake, na mama mkwe akatazama pembeni. Anisia alitoka akakaa nje, mgongo ukutani, mikono imelala mapajani.

Bibi Paskazia naye alitoka, akamwita mwanawe. Aliagiza kitabu kile kiletwe, kwa maana ndicho kilichoanza, na kama kuna kitu kinachoweza kumwokoa mtoto ni kukiteketeza. Apolinari alikwenda akakileta. Uso wake ulikuwa wa mtu ambaye ameshalia mpaka akaisha. Hakukitupa motoni, alikiweka mikononi mwa mama yake.

"Mayu, choma wewe," alisema. "Mimi nimeshakosea, nikikosea tena sitaweza."

Hivyo ndivyo Bibi Paskazia alivyokishika kitabu kile kwa mara ya kwanza. Alikibeba ndani kwenda motoni, jiko likiwa upande wa pili wa kitanda, na alipopita, Limi alifumbua macho. Tangu usiku alikuwa hajamtambua mtu.

"Bibi," alisema. "Nisomee."

Mwanamke yule alisimama palepale. Alijua sauti za namna hiyo kuliko mtu yeyote wa Ushirombo. Alikuwa ameziitikia kwa maziwa ya mgando, kwa maadui waliofuatwa usiku, kwa maji ya chemchemi iliyo mbali, na hajawahi kumnyima mgonjwa neno. Alikaa kitandani, akamwinua mtoto akamwegemeza kifuani, moto wa mwili ule ukampenya hadi mfupani. Akakiweka kitabu mapajani, kwanza kichwa chini miguu juu. Limi akakigeuza kwa kidole.

Juu ya gamba palichorwa susu tupu la kulazia mtoto, na dirisha wazi. "Huyu bado hajafika," Limi alieleza. Bibi alilitazama susu lile. Alisema kwamba hapa basi ni kwa Damian, maana Damian hakufika hata ndani ya kitabu. Apolinari na Anisia, mmoja huku na mmoja kule mlangoni, walisikia jina hilo, na wote wawili wakasimama. Lilikuwa halijatajwa katika mji ule tangu siku lilipozikwa.

Bibi akafungua. Mtoto mwenye nywele nyekundu alikuwa ameshikilia kiti, amesimama dede, mshumaa mmoja mezani, paka amekalia kofia. "Gregory alifika hapa," Bibi alisema, akaweka kidole. "Hata kiti alikishika hivi." Akafungua pengine, mishumaa miwili, hakuna aliyeishia hapo, akapita. Kwenye mitatu aliona mtoto amevaa viatu vya mtu mzima anaigiza mwendo wa mkubwa mmoja. Alisema Philomena. Alirudia, Philomena, na mlangoni Anisia alishika mkono wa mumewe, akaukamata kwa nguvu. Bibi alikuwa amepigwa na butwaa. Mzungu gani huyu, aliuliza, aliyekaa kwao Ulaya akawachora wajukuu wangu?

Wakampita mbwa mwenye keki tumboni, na Limi akatabasamu, midomo imepasuka kwa homa. Wakafika kwenye mishumaa mitano. Mtoto amevimbisha mashavu, watu wote wa pichani wanapiga makofi. "Hapa ni mimi," Limi alisema, akafumba macho. Hapo ndipo yeye na baba yake walipozoea kurudi nyuma. Bibi Paskazia hakujua desturi yao, akafungua mbele.

Mtoto alikuwepo. Amekua, meno mawili ya mbele yameng'oka, ana mfuko begani, na mezani mishumaa inawaka tena, yote, na mmoja zaidi. Bibi alisogeza kitabu machoni. Alirudi nyuma ukurasa mmoja kuhakikisha ni mtoto yuleyule, akaenda mbele, akarudi. Mtoto alikuwa ameipuliza mwenyewe, watu wakampigia makofi, na sasa yupo. Akafungua tena, yupo. Akafungua tena, yupo, amepanda mti. Katika mji wa Bibi Paskazia hakuna mtoto aliyewahi kufika huko, na yeye hakuwahi kujua huko kunaonekanaje.

Alikuwa bado ameduwaa alipohisi kifua chake kimelowa. Mwili aliouegemeza haukuwa na moto tena. Ulikuwa wa baridi, na mkono wa Limi ulikuwa umeteleza ukalala. Mikono ya Bibi ilijua baridi ya namna hiyo. Aliinamisha shavu kwenye pua ya mtoto kama alivyofanya siku ile uani. Alingoja. Pumzi ikaja, fupi, yenye harufu ya dawa chungu, kisha nyingine, ya mtu aliyelala. Lililomlowesha lilikuwa jasho, jasho jingi la homa inayoondoka, linamtiririka mtoto kuanzia kwenye nywele.

"Apolinari," aliita. Sauti yake haikuwa ya kunong'ona, ilikuwa ile ya kuitia watu ng'ambo ya mto, ingawa mwanawe alikuwa mlangoni pale. "Mtoto huyu ana umri gani?"

Jibu Apolinari alikuwa nalo. Alimtazama Anisia. Hakuthubutu. Mtu aliyeangamiza nyumba mara moja kwa kuhesabu hawezi kuhesabu tena.

Majirani walikuwa wamekwisha kusimama uani, wamesikia sauti, wamekuja wakijua wanayekuja kumlilia. Bibi Paskazia aliwaona kupitia mlangoni, Coletha mbele yao, mikono tayari kichwani.

"Mitano," aliwaambia wote. "Ana mitano, na anakwenda wa sita. Shusheni mikono."